Nafasi ya Benchi la Nyuma

Kwako wifi yangu Chiriku,

Salamu zangu nyingi zikukute popote utakapoifungulia barua hii, iwe mbele ya cherehani yako au kwenye kile kiti cha mkono mmoja unachokataa kukipeleka kwa seremala. U hali gani, mpenzi? Goti limepoa? Na yule paka wako mwenye dharau, bado analala juu ya vitambaa vya wateja? Mimi sijambo kabisa. Jino lililokuwa likinitesa nimeling'oa, na sasa natafuna upande mmoja tu, polepole, kama mtu anayewaza mambo makubwa. Paa halivuji tena. Kazini shwari. Ningeweza kuishia hapo nikafunga bahasha, nawe ungesoma ukasema haya, mtu wangu mzima, ukarudi kwenye pindo za magauni yako. Lakini nina habari, na habari yenyewe ni ndefu. Kama kuna kitu jikoni, kaepue kwanza.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikiwa kwenye foleni ya posta, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja mbele yangu akahamishia mkoba wake bega la pili. Wewe kwenye karatasi huna mpinzani. Wale majirani zako wanaodhani u mkimya, kwa sababu maneno hukukwama kwenye herufi ya kwanza, hawajawahi kuandikiwa nawe. Kaka yako alipokubandika jina la Chiriku, ndege asiyejua kunyamaza, wageni walidhani anakucheka. Sisi wa ndani tulijua kwamba hakuna mwenye mengi ya kusema kukushinda. Kwa hiyo miaka yote hii sijakulaumu kwa kuikimbia simu kama umeona nyoka. Tunaandikiana, na mimi nimeridhika. Nimeyagusa hayo kwa sababu nitayarudia huko mbele.

Sasa tulia usome. Walitaka kuitoa sauti ya kaka yako redioni.

Najua umeshasimama. Kaa chini.

Sijawahi kukueleza vizuri chumba ninachofanyia kazi tangu nihamishwe kutoka meza ya upigaji chapa. Kiko mwisho wa korido, hakina dirisha, na rafu zake zimejaa kanda za masomo ya redio, zile za magurudumu mapana kama sahani, kila moja ndani ya boksi lake. Kuna harufu ya siki, maana kanda zikizeeka hunuka hivyo. Kazi yangu ni kushusha moja, kuipachika kwenye mashine, kuiacha izunguke huku nasikiliza kama imeota ukungu au imekatika, kisha kuirudisha. Ukikaa humo hujui kama nje ni asubuhi au jua limeshageuka. Sauti za watu wa zamani zinapita, mmoja anafundisha habari za mbegu, mwingine mzunguko wa damu, na wewe umeegemeza kichwa kwenye rafu, nusu uko macho, nusu haupo.

Na humo ndimo alimo kaka yako. Wenzangu wakifiwa hubaki na picha ukutani. Mimi mume wangu nimemzika, halafu kila siku ya kazi naenda kumsikiliza. Somo lake unalijua: vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni ya wakati uliopita. Alikuwa akiviita vitenzi vitundu. Alisema vile vyenye adabu vinapanga mstari na kuvaa mkia wa namna moja kama sare ya shule, lakini hivi kila kimoja kinakuja na nguo zake za nyumbani. Nawe ukamwandikia siku moja kwamba hiyo ni lugha ya watu wasiojua kupanga kabati, akacheka wiki nzima. Kwenye kanda anasema kimoja, kwa ile sauti yake isiyo na haraka: break, broke, broken. Kisha anaacha nafasi ya kimya, ili watoto darasani warudie. Sing, sang, sung. Nafasi. Katika nafasi ile mimi hujibu. Nilianza kwa mchezo tu, ikawa mazoea, mwishowe nikawa siwezi kuipitisha kanda yake bila kumjibu. Yeye anasema, mimi narudia, yeye anaendelea kana kwamba amenisikia. Ziko ndoa za watu walio hai, wifi, zenye mazungumzo machache kuliko hayo.

Basi siku moja niko katikati ya kujibu, nikageuka nikamkuta mkuu wetu mpya mlangoni. Jengoni kwetu hakuna anayevaa viatu, kwa sababu vishindo vya viatu vinaingia kwenye kanda. Tunatembea na soksi, na watu wanakutokea mgongoni kama mizimu. Mkuu huyu tunamwita Bwana Saa, kwa kuwa ana saa mkononi na nyingine ya kupimia imening'inia shingoni kama ya refa. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka tu, hata salamu anaimeza nusu. Alisema kanda zote za zamani zinahamishiwa kwenye mashine mpya, ila hii haifai. Inakwaruza, na tena zile nafasi zake ni ndefu mno, mtu anaweza kwenda kunywa chai akarudi. Watoto wa siku hizi ni wepesi, alisema. Somo lisomwe upya, nafasi zikatwe nusu, na kwa kuwa amenisikia nikitamka vizuri, basi nisome mimi. Kanda ya zamani itafutwa.

Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: kwamba sauti ile ikifutwa, hakutabaki mahali popote duniani ambapo kaka yako anapumua. Maana ukisikiliza vizuri, kabla ya kila kitenzi anavuta pumzi kidogo, kama anayetaka kuinua ndoo. Nilitaka kukataa. Lakini ningekataa, angeletwa yule msoma habari mwenye sauti ya sharubati, asome vitenzi kana kwamba anatangaza mvua. Nikajikaza kisabuni, nikakubali. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilijua utauliza kwa nini nimekubali kuweka sauti yangu mahali pa yake, nami sikuwa na jibu ambalo ningeweza kuliandika kisha nikalisoma mwenyewe.

Sasa nikuingize studio. Ni chumba kidogo, kuta zake zimevikwa sponji na mazulia yaliyochakaa, na mlango ukifungwa masikio yanajaa kama umezama kwenye maji ya vuguvugu. Hata moyo wako unausikia. Mbele yangu kuna kipaza sauti, karatasi ya vitenzi na taa nyekundu, na ng'ambo ya kioo anakaa fundi mitambo. Humfahamu. Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kaka yako alipokuja kurekodi, na ni yeye aliyekaa nyuma ya kioo kilekile siku hizo. Sasa kichwa kimeingia mvi. Ni mwembamba, mpole, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu ambamo kidole gumba kilichungulia dunia. Hajaoa. Alishawahi kuchumbia zamani, mambo yakaenda kombo, akaacha. Hivyo tu ndivyo alivyoniambia, nami sikumchimba.

Siku ya kwanza nilisoma kitenzi, nikanyamaza, nikamwangalia, maana yeye ndiye anayetoa ishara ya kuendelea. Nikaona midomo yake inatembea. Bila sauti hata chembe alikuwa akirudia: begin, began, begun. Alipomaliza ndipo akanyanyua kidole. Nilidhani ananitania. Baadaye alinieleza kwamba nafasi ikiachwa kwa kuangalia saa huwa imekufa, watoto wanaisikia na wanakosa raha; lazima awepo mtu anayejibu kweli. Na kwa kuwa studioni hakuna watoto, hujibu yeye, kwa midomo tu, asije akaingia kwenye kanda. Alisema alifundishwa hivyo na mwalimu. Kwetu pale ukisema mwalimu bila kuongeza neno, ni kaka yako.

Tukawa hivyo. Siku zilipita kama zinavyopita ndani ya usingizi wa mchana. Mimi nasema ndani ya yale maji ya vuguvugu, na ng'ambo ya kioo mtu mzima mwenye mvi ananirudishia darasa zima bila sauti. Kuna wakati niliwaona watoto wenyewe usoni mwake: yule mwepesi anayemaliza kabla ya wenzake, yule anayesinzia, yule aliyetazama dirishani akashtuka. Fall, fell, fallen. Rise, rose, risen. Tukifika put, put, put alikuwa akitabasamu, kwa sababu hakuna mtoto asiyependa kitenzi kisichomsumbua. Nikitoka jioni mwanga wa barabarani unanishangaza. Fundi viatu pale kona anagonga kisigino mara tatu, nasikia kitenzi. Mwanamke anafunga duka, kufuli, komeo, kufuli, nasikia kitenzi. Nilifika nyumbani nikasahau kuwasha taa, nikakaa tu kwenye kochi, nikiwa na amani ambayo sikuijua imetoka wapi.

Bwana Saa alikuja kusikiliza, akapima, akatikisa kichwa. Bado ni ndefu. Fundi akamjibu kwa upole kwamba mwalimu aliagiza asubiriwe mtoto wa benchi la nyuma. Bwana Saa akauliza ni mtoto gani huyo. Fundi hakujua. Alieleza kwamba enzi zile, kila alipomaliza kitenzi, mwalimu alikuwa akifumba macho na kukaa hivyo, kama anamtazama mtu ambaye yeye tu ndiye anayemwona, na hakuendelea mpaka huyo mtu amalize. Akiulizwa, alisema ni mtoto wa benchi la nyuma, basi. Bwana Saa akasema benchi la nyuma nalo lijifunze kwenda na wakati, akaagiza nafasi zikatwe.

Kazi ni kazi. Fundi alichukua wembe, akakata. Kanda inakatwa hivyo, kipande kwa kipande, kisha inaunganishwa kwa gundi. Vile vipande vya kimya havikuwa na kitu ndani yake, lakini hakuvitupa. Alivitundika kwenye msumari karibu na feni, vikawa vinapepea taratibu, vya kahawia, vyembamba, kama nyuzi zako za hariri ukizianika. Nilipomletea chai aliniuliza, huku haniangalii, kama mimi namjua huyo mtoto. Nikasema namjua, lakini habari zake si zangu kuzitoa, mwenyewe yupo. Aliitikia kwa kichwa, akanywa chai yake. Hachimbi na yeye, ndiyo raha yake.

Siku iliyofuata aliniita studio nikakuta ameiweka mashineni kanda ya kaka yako, ameisafisha kwa kitambaa na spiriti mpaka inang'aa. Alisema yeye hawezi kumzika mtu mara ya pili. Alikuwa na wazo: kaka yako aachwe kama alivyo, na nafasi zake zilezile, ila mimi niingie ndani ya zile nafasi nijibu pamoja na watoto, polepole, kama mwanafunzi mmojawapo, ili anayesita darasani apate wa kwenda naye. Aliniambia amenisikia siku nyingi nikifanya hivyo kule chumba cha kanda. Na mimi nilidhani ni siri yangu! Jengo zima linatembea na soksi, wifi, hakuna siri.

Nikavaa hedifoni. Mlango ukafungwa. Kaka yako akavuta pumzi, hapa, ndani ya sikio, karibu kuliko alivyokuwa hata kwenye mto wa kitanda, akasema: know, knew, known. Nikajibu. Akasubiri. Nikamaliza. Akaendelea. Nilinyanyua macho kumtafuta fundi nyuma ya kioo, na kwa mara ya kwanza sikuiona midomo yake. Alikuwa amekizungusha kiti chake, ametupa mgongo, kama mgeni anayewapisha wenye nyumba wazungumze. Alikaa hivyo mpaka kanda ikaisha. Mimi nililia nikiwa najibu, na ukiisikiliza vizuri kuna kitenzi kimoja kimelowa. Hatukukirudia.

Bwana Saa, ili ujue kuwa si mbaya, alikubali zote mbili zikajaribiwe. Kuna shule ng'ambo ya barabara. Tulivuka, mimi na fundi tumebeba redio kubwa ya studio, ile inayopiga kanda, kila mmoja ameshika upande wake, Bwana Saa anatangulia na saa yake. Mwalimu wa darasa akatusogezea meza. Ikapigwa kwanza ile mpya, yenye nafasi zilizokatwa. Mabenchi ya mbele yalipiga kelele za furaha, mbele kwa mbele, lakini nyuma kulikuwa na wanaomeza nusu ya neno ili wawahi jingine. Pembeni ya ukuta alikaa msichana mwenye misuko miwili. Alijaribu kitenzi cha kwanza, kikamkwama. Alijaribu cha pili. Baadaye alifunga mdomo akaanza kuchora meza kwa kucha, na uso wake ukazima kabisa.

Ikapigwa ya kaka yako. Alipofika begin, began, begun, darasa likarudia na mimi nikirudia humo ndani, likamaliza, likanyamaza. Kaka yako hakuendelea. Ilisikika ile mikwaruzo tu. Na msichana yule, wifi, akanyanyua kidevu. Unajua unavyonyanyua wewe. Akasukuma b, b, mishipa ya shingo imemsimama, na maneno yakamtoka yote matatu, moja baada ya jingine, peke yake, darasa zima linamsikia. Alipomaliza la mwisho ndipo kaka yako akavuta pumzi na kutaja kitenzi kingine. Hakuna aliyecheka. Wenzake walidhani ndivyo somo lilivyopangwa. Bwana Saa alikuwa amebonyeza saa yake, lakini hakuitazama. Aliirudisha ndani ya shati, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba hii ya zamani ibaki, na isiguswe.

Kwa hiyo sauti ya kaka yako haifutwi. Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Umeshasimama tena? Kaa.

Sasa nakuambia kitu alichonikataza kaka yako. Mtoto wa benchi la nyuma ni wewe.

Aliniambia mwaka ule tulipooana. Alisema mlikuwa mkikaa kwenye ngazi za nyuma, wewe unamenya njegere, yeye ameshika kitabu, anakufundisha vile vitenzi. Ukikwama, baba yenu akipita alikuwa anakumalizia neno, kwa mapenzi tu, ili usihangaike. Mama naye alikumalizia. Wageni wakakumalizia. Na kila mara kaka yako aliona uso wako unavyofungwa kama dirisha. Akaamua yeye hatakumalizia neno maishani mwake. Alikuwa akisema kitenzi chake, kisha anafumba macho ili usijione unatazamwa, anasubiri, na njegere zinaanguka kwenye bakuli, mpaka ufike. Alisema ulikuwa unafika kila mara. Hata alipokalishwa mbele ya kipaza sauti hakujua njia nyingine ya kupima kimya. Alifumba macho, akakusubiri wewe. Miaka yote hii, wifi, katika madarasa ambayo hatutayajua, kila mtoto mwenye ulimi mzito amekuwa akipewa muda wako. Wewe ambaye hukutaka kuisikia kanda ile tangu afariki, wewe ndiye uliyemo ndani yake kuliko mimi. Alinikataza nisikwambie, kwa kuogopa utadhani alikuonea huruma. Haikuwa huruma. Alikuwa anapenda kukusikia ukimaliza.

Nimeinuka kidogo, nimenawa uso. Ninaendelea, kwa sababu habari ya pili bado.

Tulipokuwa tunarudi kutoka shuleni, mimi na fundi tumebeba redio katikati yetu, alisimama kando ya barabara kabla hatujavuka. Alisema kwamba kubeba kitu na mimi kumemfaa sana, na kwamba kama sitaona vibaya, angependa kuendelea kubeba vitu na mimi kwa siku zilizobaki za maisha yake. Nilikuwa nimeshika redio kwa mikono miwili, sikuweza hata kujifunika uso. Gari likapita, jingine likapita, sisi tumesimama pale kama wezi waliokamatwa na redio ya watu.

Nampenda, wifi. Nimeshaandika, na kalamu hii ni ya wino. Soksi ile niliishona mwenyewe zamani, kabla hata sijajua kwa nini naishona, na kama ungekuwa hapa ungeliona jambo hili mapema, ukanitania mpaka nihame mji. Simpendi badala ya kaka yako. Sijui nikuelezeje. Nilipomwona ametupa mgongo pale studioni, nikajua kwamba kwa mtu huyu sitalazimika kumfungia kaka yako nje.

Lakini sijamjibu. Baba hayupo, mama hayupo, kaka yako hayupo. Katika nyumba ile tumebaki wawili, na mimi niliingia kwa ndoa tu. Nikiolewa, watu watasema si wifi yako tena. Najua sheria hazinilazimishi nikuombe ruhusa, na ruhusa siombi. Ninaogopa kukupoteza, hilo ndilo. Naogopa siku moja nifungue sanduku la posta nikute bili na matangazo, na mwandiko wako hamna. Sina ndugu mwingine anayenichekesha hadharani kwenye foleni.

Nilimwambia fundi kwamba nitamjibu nikishasikia kutoka kwako, na nikamwonya kwamba huenda ikachukua muda. Nikamweleza wewe ni nani. Kuhusu njegere sikumwambia. Nilisema tu ni dada yake mwalimu, na kwamba maneno humwia mazito mdomoni. Nikaona anapiga hesabu zake, na macho yakamlowa. Akasema basi hakuna haraka. Huyo, alisema, yeye alishafundishwa na mwalimu kumsubiri.

Ombi langu ni hili, na usinigombeze. Safari hii usiniandikie. Kwenye karatasi utanifurahisha, utanitania, utanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi sitaujua moyo wako. Nipigie simu. Namba ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha. Jumapili nitashinda ndani, na Jumapili inayofuata pia, na nyingine, hata ikiwa hutapiga mpaka mvua zije na ziishe. Itakapolia nitainyanyua, nitakaa sakafuni kwenye zulia, nitafumba macho. Useme ndiyo, useme hapana, useme niende zangu, lolote ulilo nalo. Ukikwama, kwama. Nitakuwepo.

Msalimie paka, hata kama hatajibu. Kile kiti kipeleke kwa seremala. Goti likandwe kwa maji ya moto, si ya vuguvugu, nakujua unavyojidanganya.

Ni mimi ninayekupenda, na ambaye sitakumalizia neno,

Wifi yako.